Magurudumu Kwanza: Jinsi ya Kupiga Nyimbo za Treni za Kantri Pamoja na Familia

Jumapili mchana hapa kwetu Voi ni ya kantri. Imekuwa hivyo tangu enzi za redio ya baba, ile ya betri nne kubwa iliyokaa juu ya kabati la vyombo, na msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi. Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers, Dolly Parton: sauti zao tumekua nazo kama tulivyokua na chai ya maziwa. Miaka michache iliyopita tuliamua kuacha kusikiliza tu, tukaanza kupiga wenyewe, na tukachagua fungu moja: nyimbo za treni. Mimi napiga gitaa. Mume wangu ndiye mwimbaji. Kijana wetu wa miaka 14 ana harmonika. Kitinda mimba, binti wa miaka 8, anapiga boksi. Nyanya yao, mama mkwe wangu, ndiye msikilizaji na mwamuzi.

Hakuna kati yetu aliyesomea muziki. Naandika mwongozo huu kwa familia kama yetu, yenye mtu mmoja anayejua kodi tatu za gitaa, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na wengine wenye hamu tu.

Kuna neno moja ambalo ningefurahi kuambiwa mapema: usianze na wimbo, anza na treni. Miezi mitatu ya mwanzo tulifanya kinyume. Tulijifunza kodi, tukakariri maneno, na kila tulipopiga pamoja tulisikika kama watu wanne wanaogombania mlango mmoja. Siku tulipoyapanga magurudumu kwanza, mengine yote yalipanda yenyewe.

Vifaa

Gitaa la kawaida la nyuzi sita, lisilo la umeme. Harmonika ya matundu kumi ya kii (ngazi ya sauti) ya C, ambayo ndiyo rahisi kupatikana. Boksi gumu la kadibodi, kama lile la kubebea mafuta ya kupikia, na vijiti vya chelewa kutoka kwenye ufagio. Kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa. Basi. Banjo na fidla zikiwepo ni heri. Zisipokuwepo wimbo hauharibiki. Ngoma kubwa msinunue, maana ndani ya sebule inameza sauti ya mtoto, na sauti ya mtoto ndiyo mnayotaka isikike.

Hatua ya kwanza: isikilizeni reli ya zamani

Watoto wetu wanaijua SGR. Hiyo inapita ikivuma, kwa kuwa reli zake zimechomelewa zikawa kama kipande kimoja kirefu. Treni za nyimbo hizi ziligonga. Kwa miaka mingi reli za Marekani zilikuwa vipande vya futi 39, kama mita 12 hivi, kwa sababu ndivyo vilivyoenea kwenye behewa la wazi la futi 40. Kati ya kipande na kipande pana mwanya mdogo, na kila gurudumu likiuvuka linatoa mlio. Magurudumu ya behewa yamefungwa kwa mafungu mawili, moja mbele na moja nyuma. Fungu la nyuma la behewa moja linafuatwa karibu sana na fungu la mbele la behewa linalokuja, ndiyo maana sikio linapokea milio minne kwa pamoja, ta-tam-ta-tam, kisha nafasi, kisha ta-tam-ta-tam.

Mtoto asiyewahi kuusikia mlio huo atapiga mapigo sahihi yasiyo na uhai. Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji ala yoyote. Mtafuteni mzee aliyewahi kulala daraja la tatu kwenye garimoshi la zamani la Mombasa kwenda Nairobi, mwombeni aigize. Nyanya yetu alipiga meza kwa vidole viwili vya kila mkono, macho yamefumba, akaenda hivyo dakika nzima. Kisha akasema, “Hapo tumetoka Maungu.” Binti alimwiga papo hapo, na tangu siku hiyo sikuhitaji kumfundisha tena maana ya mapigo.

Hatua ya pili: boksi

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu kuliko zote. Ipeni wiki mbili, hata tatu.

Chukua vijiti vya chelewa kama kumi na vitano, urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, uvifunge kwa mpira upande wa kushikia. Tengeneza vifungu viwili. Lipindue boksi, bandika ukurasa wa gazeti juu yake kwa selotepu kwenye kona nne, lakini usiuvute ukakaza. Gazeti likilegea kidogo linatoa ule mkwaruzo mwembamba, shaa, ambao wapiga ngoma wa kantri wanaupata kwa brashi za waya. Tumejaribu mfuko wa nailoni, karatasi ya kaki na kalenda ya mwaka jana. Gazeti linashinda zote.

Sasa mapigo yenyewe. Mfundishe mtoto kuyatamka kabla hajayapiga: chi-ki-CHA-ka, chi-ki-CHA-ka. Mikono inapokezana, kulia kushoto kulia kushoto, bila kusimama hata mara moja. Pigo la tatu, CHA, ndilo lenye nguvu, nalo linaangukia mkono uleule ulioanza. Mengine matatu ni ya kupapasa tu, kana kwamba unafagia vumbi juu ya karatasi. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuyapiga yote manne kwa nguvu moja, na hapo linasikika kama mvua ya mawe juu ya bati.

Anzeni polepole, fungu moja la chi-ki-CHA-ka kwa kila pigo la metronomu, kile kihesabu mapigo, mapigo 70 kwa dakika. Programu za metronomu za simu ziko nyingi na za bure. Mtoto akiweza kwenda dakika tatu bila kuyumba, pandisheni hadi 80, kisha 90. Sisi tunapigia 96 na hatuna haraka ya kwenda zaidi.

Mkiwa na watoto zaidi ya mmoja, mwenye boksi awe mmoja tu. Mwingine mpeni kopo lenye punje za mchele alitikise kwenye CHA peke yake. Kisha semeni wazi mbele ya wote: mwenye boksi ndiye dereva. Mzazi akipotea, anamfuata mtoto, na si mtoto kumfuata mzazi. Neno hili lilimbadilisha binti yetu. Alikaa wima, akatukazia macho, akashika usukani kwelikweli.

Hatua ya tatu: gitaa

Kazi ya gitaa hapa ni nusu besi, nusu mkwaruzo. Bum kwenye pigo la kwanza, chaka pale penye CHA ya boksi. Bum ni uzi mmoja mnene unaodonolewa kwa dole gumba au kwa piki, kile kijibao cha kudonolea. Chaka ni kucharaza nyuzi nyembamba kuelekea chini. Mkono wa kulia ukishalijua hili, umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Tunatumia kodi tatu, G, C na D, na kila kodi ina besi mbili zinazopokezana. Kwenye G, donoa uzi wa sita (ule mnene kuliko zote) ulioubana freti ya tatu, yaani kijinafasi cha tatu cha shingo ya gitaa, kisha chaka, kisha uzi wa nne ukiwa wazi, kisha chaka. Kwenye C, uzi wa tano freti ya tatu, halafu uzi wa nne freti ya pili. Kwenye D, uzi wa nne wazi, halafu uzi wa tano wazi. Usiuguse uzi wa sita ukiwa kwenye D. Kupokezana huko kwa besi ndiko kunakomfanya msikilizaji ahisi gurudumu la kushoto na la kulia.

Kuna mbinu moja ya karatasi ambayo watoto wanaipenda mno. Johnny Cash, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alipokuwa akirekodi Memphis katikati ya miaka ya 1950, kundi lake halikuwa na ngoma: yeye, Luther Perkins kwenye gitaa la umeme na Marshall Grant kwenye besi. Alipitisha kipande cha karatasi katikati ya nyuzi za gitaa lake, na mkwaruzo wake ukawa kama wa ngoma ndogo. Kunja ukurasa mmoja wa daftari uwe utepe wa upana wa vidole viwili, upitishe juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata, karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wake. Kodi inafifia, mkwaruzo unapanda. Siku ambayo mpiga boksi anaumwa, karatasi hiyo inatuokoa.

Hatua ya nne: wimbo wa kwanza

Anzeni na Wabash Cannonball. Nina sababu tatu. Una kodi tatu zilezile mlizojifunza. Hauna ajali wala gereza ndani yake, na kifo kinaguswa kwa upole tu katika ubeti mmoja, kwa hiyo mtoto wa miaka 6 anaweza kuuimba bila maswali magumu. Na ulirekodiwa na familia.

Hapo kwenye familia niruhusu nikae kidogo. The Carter Family walikuwa watu watatu kutoka milima ya Virginia: A.P. Carter, mkewe Sara, na Maybelle, binamu yake Sara aliyeolewa na kaka wa A.P. Agosti 1927 walisafiri hadi Bristol, mji ulio mpakani mwa Virginia na Tennessee, ambako Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor alikuwa anarekodi wanamuziki wa milimani. Siku hizohizo, mahali hapohapo, alirekodiwa pia Jimmie Rodgers, kijana wa Mississippi aliyewahi kufanya kazi ya breki kwenye treni. Yaani tangu mwanzo kantri iliyorekodiwa ilikuwa na familia upande mmoja na reli upande mwingine. Wabash Cannonball akina Carter waliurekodi 1929, ukiwa tayari na umri: chimbuko lake ni wimbo wa 1882 wa mtu aitwaye J. A. Roff. Roy Acuff aliurekodi 1936 akaufanya maarufu kupita kiasi. Treni yenyewe ilikuwa ya kubuni. Ilikuwa karibu mwaka 1950 ndipo kampuni ya reli ya Wabash ilipoipa jina hilo treni yake ya Detroit hadi St. Louis. Wimbo ulizaa treni.

Msikilizeni Maybelle kabla hamjapiga. Melodi anaipiga kwa dole gumba kwenye nyuzi nene, na vidole vingine vinakwaruza kodi kwenye nyuzi nyembamba, mtu mmoja akifanya kazi ya wawili. Mimi ni mwanamke ninayepiga gitaa katika mji ambao bado watu hugeuka kumtazama mwanamke mwenye gitaa, na kumsikia yeye kulinipa nguvu ambayo siwezi kuipima.

Mpangilio wa kodi ni huu. Mstari wa kwanza unaanza G na kufika C mwishoni. Mstari wa pili unakaa D na kurudi G mwishoni. Mistari miwili inayofuata inarudia njia hiyohiyo, na kiitikio pia. Ukishaupiga mstari wa kwanza na wa pili, umeupiga wimbo wote.

Maneno ya Kiingereza yafuateni kwa sikio, mstari mmoja kwa siku. Kwa kuwa wimbo huu unataja mahali pengi treni inakopita, sisi tumetunga ubeti wetu wa nyumbani kwa stesheni zetu: Mariakani, Samburu, Mackinnon Road, Maungu, Voi. Zinakaa vizuri kwenye mapigo, hasa Ma-ri-a-ka-ni. Mtoto akitaja stesheni anayoijua, uoga wa kuimba unamtoka.

Hatua ya tano: honi

Hapa ndipo harmonika inapoingia, na hapa kuna jina ambalo kila mtoto mwenye ngozi kama yetu anastahili kulijua: DeFord Bailey. Alikuwa Mwamerika Mweusi, mpiga harmonika wa Tennessee, mmoja wa nyota wa mwanzo kabisa wa kipindi cha redio cha Nashville ambacho leo dunia nzima inakijua kwa jina la Grand Ole Opry. Jioni ya tarehe 10 Desemba 1927 alipiga Pan American Blues, wimbo wa kuiga treni ya abiria ya Pan-American, na ni baada ya wimbo huo mtangazaji George D. Hay alipolitamka jina hilo la kipindi kwa mara ya kwanza. Pale lilipozaliwa jina la jukwaa kubwa kuliko yote ya kantri, palikuwa na mtu mweusi anapiga treni kwa mdomo. Aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la kantri mwaka 2005, miaka mingi baada ya kifo chake. Nilipomwambia kijana wangu, alilala na harmonika chini ya mto.

Tuje kwenye kazi. Kuna sauti mbili za kujifunza.

Ya kwanza ni mwendo wa moshi. Weka midomo kwenye matundu ya kwanza matatu, upande wa sauti nene. Vuta pumzi mara mbili fupi, itoe mara mbili fupi: vuta-vuta-toa-toa. Anza pole sana, kama injini nzito inayoondoka, kisha ongeza. Pumzi iwe ndogo. Anayevuta kwa nguvu atapata kizunguzungu ndani ya dakika moja, kwa hiyo apumzike mara kwa mara, na mdogo afanye akiwa ameketi.

Ya pili ni honi. Vuta tundu la nne na la tano kwa pamoja, harmonika ikiwa imefunikwa kwa viganja viwili kama mtu anayekinga maji. Fungua kiganja cha kulia taratibu, kifunge, kifungue tena. Sauti inatoka mbali, inakaribia, inarudi mbali. Treni ikikupita, mlio wa honi yake husikika ukishuka. Kijana anaupata mshuko huo kwa kuteremsha taya kidogo na kuurudisha ulimi nyuma huku bado anavuta. Ilimchukua kama miezi miwili kuuweza, akipigia uani.

Na honi ipigwe kwa utaratibu wake. Kwenye makutano ya reli na barabara, dereva wa treni Marekani hupiga mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu, na ile ya mwisho huivuta hadi injini iingie kwenye makutano. Tumieni hiyohiyo. Wimbo wowote wa treni ukiufungua kwa ndefu, ndefu, fupi, ndeeefu, nyumba nzima inanyamaza.

Harmonika ya C, ikipigwa kwa kuvuta namna hii, inapatana na gitaa lililo kwenye G. Hilo litakusumbua kidogo katika hatua inayofuata.

Hatua ya sita: sauti

Mtafutieni mwimbaji kii kabla ya kumlaumu. Mume wangu alikuwa anaimba Wabash kwenye G na kila kiitikio mishipa ya shingo ilimtoka. Tulihamisha hadi E na yote yakatulia. Mwimbaji aimbe sehemu ya juu kabisa ya wimbo. Ikimbana, shukeni, ikiwa chini mno kama mtu anayenong'ona, pandeni. Kapo inapandisha tu: kapo freti ya pili na vidole vya G vinakupa A. Ukitaka kushuka, badilisha umbo la kodi.

Mkitoka kwenye G, harmonika ya C haipatani tena na gitaa. Njia ya bei nafuu ni kuiacha harmonika ipige peke yake mwanzo na mwisho, kabla gitaa halijaingia na baada ya kunyamaza. Sisi ndivyo tunavyofanya, na kusema kweli inapendeza zaidi hivyo, kwa sababu honi inabaki kuwa honi.

Kwa sauti ya pili, waliopitia kwaya tayari wanayo silaha. Mwimbaji wa kwanza akiimba do, wewe shika mi. Akipanda re, wewe fa. Akifika mi, wewe so. Fanyeni kwenye kiitikio tu. Na akiwepo mtu wa sauti nene mnyamavu, mwacheni aingie anapojisikia. A.P. Carter alikuwa hivyo: Sara anaongoza, Maybelle anashika sauti ya pili, yeye anaingia na besi pale moyo ulipomtuma, pengine asiingie kabisa. Nyanya yetu naye siku hizi anaingia kwenye neno la mwisho la kila mstari. Hakuna aliyemwomba.

Hatua ya saba: kuondoka na kusimama

Tulipiga kwenye sikukuu ya nyanya kutimiza miaka 80, jamaa wamejaa uwanjani. Tulianza kwa mwendo wetu wa kawaida. Watu wakapiga makofi, nikasisimka, mkono wangu ukakimbia. Binti kwenye boksi akaniangalia mara mbili, akajitahidi kunifuata. Ubeti wa tatu mume wangu hakuweza tena kutamka maneno, na tukakatika katikati, kimya, mbele ya watu wote. Binti alilia. Alidhani yeye ndiye aliyeharibu. Nilimwita kando nikamwambia kweli: dereva alikuwa wewe, na mama alikunyang'anya usukani. Hilo lilinifundisha kuliko mazoezi ya mwaka mzima.

Tangu hapo tuna zoezi la kuondoka na kusimama, bila wimbo ndani yake. Boksi linaanza polepole sana, pigo moja moja zito. Gitaa linaingia kwa bum peke yake. Mwendo unapanda kwa pamoja hadi ule wa wimbo, kwa hesabu ya nne mara nane, kisha unakwama hapo. Haupandi tena, hata nyumba ishangilie. Tunakwenda dakika moja, halafu dereva anainua kichwa, tunapunguza kwa hesabu ileile hadi kusimama, na pigo la mwisho tunaligonga sote. Mara tano kila Jumapili kabla ya wimbo wowote. Na mbele ya wageni anzeni chini ya mwendo wenu wa mazoezi, maana makofi yatawasukuma tu.

Nyimbo za kuongeza, na hadithi zake

Msiimbe wimbo wa treni bila kujua treni ipi. Watoto wanauliza, na jibu hubadilisha namna wanavyoimba.

Wreck of the Old 97 ni ajali ya kweli. Tarehe 27 Septemba 1903 treni ya barua namba 97 ya kampuni ya Southern Railway, ikiwa imechelewa, ilishuka mteremko wa kuingia Danville, Virginia, kwa kasi mno, ikaanguka kutoka kwenye daraja la Stillhouse. Watu 11 walikufa, dereva Joseph Broady akiwa mmoja wao. Vernon Dalhart aliurekodi 1924, na ukawa miongoni mwa rekodi za kwanza za kantri kuuzwa kwa wingi mkubwa. Upigeni kwa mwendo wa wastani. Ni msiba, si mbio.

Casey Jones ni ndugu yake, wimbo wa dereva wa treni mwenye jina hilo. Alikufa tarehe 30 Aprili 1900 huko Vaughan, Mississippi, akiwa ameshikilia breki ili kupunguza mgongano na treni ya mizigo iliyokuwa mbele yake. Katika ajali hiyo alikufa yeye peke yake. Wimbo wake wa mwanzo ulitungwa na Wallace Saunders, mfanyakazi mweusi aliyekuwa akisafisha injini.

Freight Train wa Elizabeth Cotten uwekeni kwa siku ya mvua. Aliutunga akiwa msichana mdogo huko North Carolina. Alitumia mkono wa kushoto, akaligeuza gitaa juu chini badala ya kubadilisha nyuzi. Ni mwepesi wa sauti lakini una kodi ya E katikati inayohitaji kuzoewa, na boksi lipigwe kwa ncha za vidole tu.

Folsom Prison Blues wa Johnny Cash, uliorekodiwa 1955, ni mtamu kwa bum-chaka kuliko nyimbo zote. Kodi zake ni E, A na B7. Ila mwenye kuimba ni mfungwa aliyeua, anayesikia treni ikipita nje ya ukuta. Sisi tulingoja hadi kijana alipofika miaka 12, tukaongea kwanza, tukaimba baadaye.

Orange Blossom Special wa Ervin Rouse, wa mwisho wa miaka ya 1930, ni wa wenye fidla. Waachieni muda.

Na Waiting for a Train wa Jimmie Rodgers, wa 1928, mtu anayerudi nyumbani kwa kudandia mabehewa, mfuko mtupu. Rodgers alikufa kwa kifua kikuu tarehe 26 Mei 1933, akiwa na miaka 35, na mwili wake ulirudishwa kwao Meridian, Mississippi, kwa treni. Huyu ana uhusiano na sisi ambao nausimulia kila nipatapo nafasi. Sahani zake za santuri zilifika hadi kwa Wakipsigis, na mwaka 1950 Hugh Tracey, alipokuwa akirekodi muziki wa Kenya, aliwakuta wasichana wakimwimba kwa jina la Chemirocha, wakimfikiria kiumbe nusu mtu nusu paa. Rekodi ipo, inasikika hadi leo. Wasikilizeni wasichana wale mara moja, kisha mpigeni Rodgers, kisha wasichana tena. Watoto wetu walinyamaza kimya kabisa.

Kufunga

Kipindi chetu hakizidi dakika 40. Tunaacha wakati watoto bado wanataka. Ukirekodi kwa simu, iweke juu ya mto kwenye kiti, hatua tatu kutoka kwa mwimbaji na mbali na boksi.

Wimbo wa mwisho tunaumaliza hivi. Sauti zinakoma kwanza. Gitaa linabaki na bum tupu, kisha linaacha. Kijana anageuka, anaelekeza harmonika ukutani, anapiga ndefu, ndefu, fupi, ndefu, akifunga viganja kidogo kidogo. Binti anaweka chini chelewa, anaendelea kwa ncha za vidole juu ya gazeti, chi-ki-cha-ka, kila fungu dogo kuliko lililopita, mpaka unaona vidole vinakwenda na husikii kitu. Nyanya, kitini pake karibu na dirisha, anainua mkono na kupunga.